Harufu ya Chumbani kwa Mzee Apolinary

Mjane alisema mumewe anakuja kila mashine ikiwashwa. Inspekta Agnetha, ambaye katika kazi yake alijiwekea sharti la kutomcheka mfiwa, akauliza anakujaje.

"Kwa harufu," Mama Evangelina alijibu. "Simwoni, mwanangu. Mwili tumeuzika pale chini kibanjani, kaburi umeliona. Ni harufu tu. Inatokea pale."

Akaonyesha ukutani, juu ya kitanda. Palikuwa na kiyoyozi cheupe, kile ambacho nusu ya kijiji cha Rugu ilikuja kukishangaa siku kilipofungwa. Karagwe hii ya ukungu na makoti, nani anahangaika na mashine ya kupoza nyumba? Lakini Mzee Apolinary alikuwa na kifua kibovu, na mashine yenyewe ilikuwa ya kazi mbili: ukiminya rimoti inapoza, ukiminya tena inapasha joto. Mzee hakuwa na haja ya baridi, alikuwa nayo ya bure tangu azaliwe. Alitaka joto. Binti yake Costansia, anayefanya kazi Mwanza, ndiye aliyemnunulia, na mzee akaagiza madirisha yazibwe kwa mpira na mlango uwekewe sponji kwa chini ili joto lisimtoroke. Ukiwa ndani ya chumba kile na mlango umefungwa, hata kuku wa uani huwasikii.

Humohumo ndimo alimokutwa amekufa.

Mambo yenyewe yalikwenda hivi. Ilikuwa imebaki wiki moja wakwe waje kutoka Kimuli kuleta mahari ya Costansia. Alfajiri binti akaenda kumwamsha baba yake, akamkuta Mutabazi, kibarua wa nyumbani, amesimama katikati ya chumba. Dirisha lilikuwa wazi, mashine imezimwa, na mzee yuko kitandani ameshapoa. Mutabazi hakukimbia. Alisema amemletea mzee uji, na kweli uji ulikuwepo, haujaguswa. Ila chakula cha usiku pia ni yeye aliyekipeleka. Elpidius, mdogo wake marehemu, alitamka neno moja tu, sumu, na kufikia jua kuchomoza neno lilikuwa limeshafika Bugene. Wazazi wa Mutabazi walitoka Burundi. Mtu wa kuja akishukiwa, wa kumtetea huwa hawaonekani.

Kesho asubuhi Mutabazi alikuwa anapelekwa mahakamani kwa kosa la mauaji, na mauaji hayana dhamana. Majibu ya maabara yalikuwa bado, na yangeweza kukawia hata mwaka. Kilichomkera Agnetha kuliko vyote ni dirisha. Kijana alikuwa anajibu kila swali, chakula kilipikwa na nani, alikula wapi, alilala wapi. Ukimuuliza kwa nini alifungua dirisha, anainama, ananyamaza. "Asiye na hatia ana mdomo," mkuu wa upelelezi alimwambia Agnetha asubuhi ile. "Andaa jalada." Agnetha alitoka ofisini amenuna, akachukua gari, akaja Rugu.

"Naomba uiwashe, mama," alisema.

"Kwa joto au kwa baridi?"

"Kama alivyokuwa anaiwasha yeye."

Mama Evangelina alifunga mlango, akahakikisha dirisha limebana, akaminya rimoti. Mashine ikavuta pumzi. Kwanza lilikuja joto, na kusema kweli lilikuwa joto zuri, la kumfanya mtu avue koti. Halafu, taratibu, ikaja harufu. Ilikuwa na utamu wa ndizi zilizoiva kupita kiasi, na moshi wa majani mabichi, na uchachu fulani nyuma yake. Chumba kilikuwa kimefagiliwa, shuka zimebadilishwa, hakuna hata ganda la ndizi mahali popote.

Koplo Nolasco, aliyekuwa amekaa karibu na mlango, akainuka.

"Afande, mimi nitakuwa hapo nje nalinda."

"Unalinda nini?"

"Mlango."

Akatoka, akaufunga nyuma yake kwa heshima zote.

"Unaisikia?" Mama Evangelina aliuliza. Uso wake ulikuwa umefunguka, kama wa msichana anayeongelea mchumba. "Ndivyo alivyokuwa ananukia tulipooana. Baba mkwe alikuwa mpishi wa rubisi, pombe yetu ya ndizi, anawapikia watu wa huku wote, na Apolinary ndiye aliyekuwa anamsaidia. Shati lake, nywele zake, kila kitu. Baadaye akaacha, akawa mtu wa kahawa, harufu ikaisha. Sasa imerudi."

"Imerudi lini?"

"Juzi. Tangu azikwe palikuwa kimya, nikasema labda ameshakwenda zake. Juzi usiku nikaja kukaa humu, nikawasha ili baridi isinile, akaja. Kichwa kinanigonga kidogo, halafu mwili unalegea, unakuja usingizi mtamu, waitu, sijui nikuelezeje. Jana nilimsikia kabisa ananiita. Costansia aliingia akanivuta nje, ananililia eti nimekuwa mzito. Leo nimemwambia asije. Leo nitafunga kwa ndani nilale, nimsikilize hadi mwisho anataka nini."

Agnetha alikuwa anataka kuuliza jambo, akajikuta amelisahau. Kichwa chake kilikuwa kinagonga. Aliinuka, akaona sakafu inachelewa kidogo kumpokea, akaenda moja kwa moja dirishani akalisukuma. Ukungu wa Julai ukamwingia usoni.

"Nani amekwambia ufungue?" Mama Evangelina alisema, na sauti ilikuwa ya mtu aliyeumizwa. "Unamfukuza."

Agnetha alibaki ameshika fremu ya dirisha. Amesimama palepale aliposimama Mutabazi, amefanya kilekile alichofanya Mutabazi, na kama angeulizwa sababu angesema: hewa.

"Tutoke, mama," alisema. "Wote wawili. Na mashine tuizime."

Elpidius alikuwa amekaa uani na wazee wawili, miguu karibu na moto wa msiba. Mtu mrefu, mkavu, kofia hata mbele ya afande haivui. Agnetha alimwamkia, akamvuta pembeni.

"Mzee Elpidius, wewe ulikuwepo kumwosha kaka yako."

"Nilikuwepo. Mimi na katekista."

"Alikuwaje?"

"Alikuwaje vipi? Alikuwa amekufa."

"Rangi."

Mzee alifikiri. "Sasa hilo ndilo nililowaambia tangu mwanzo, hamkunisikiliza. Kaka hakuwa na rangi ya maiti. Kucha zake nyekundu, midomo myekundu, viganja utadhani ametoka kuota moto. Katekista akasema amekufa mwenye neema. Mimi nikasema neema gani hiyo, hiyo ni dawa ya huko kwao."

Agnetha aligeuka akamtazama Nolasco, na Nolasco akaacha kutafuna alichokuwa anatafuna. Wote wawili walizikumbuka kucha hizo. Waliwahi kuziona Bugene, msimu mmoja wa baridi, kwa waashi wawili walioingiza jiko la mkaa chumbani na kujifungia. Daktari aliwafunulia shuka, akawaonyesha vidole, akasema hewa ya mkaa inamwachia mtu rangi nzuri na kumchukua roho. Hapakuwa na kidonda wala povu. Walikuwa wamelala tu.

"Lakini huku hakuna jiko, Afande," Nolasco alisema walipokuwa peke yao. "Chumba tumekipekua. Mashine inatumia umeme, na umeme hautoi moshi."

"Harufu umeisikia?"

"Nimeisikia."

"Basi kuna moto mahali. Mpigie simu fundi aliyeifunga."

Fundi aliitwa Adelard, ana duka dogo la vifaa vya umeme Kayanga, na alifika kwa bodaboda akiwa tayari ana majibu. Ni panya, alisema kabla hata hajavua helmeti. Panya wanapenda joto, wanaingia, wanafia mle, watu wanadhani ni mashetani. Alipanda juu ya stuli, akafungua kifuniko, akamulika kwa tochi, akaingiza mkono. Hapakuwa na panya. Hapakuwa hata na mjusi. Alichomoa chujio akakuta vumbi la kawaida, akalinusa na kulirudisha.

"Gesi yake je?" Agnetha aliuliza. "Ikivuja?"

"Gesi hii hainuki ndizi, Afande. Na ingekuwa imevuja, isingepasha joto. Hii inapasha vizuri sana."

"Iwashe kwa baridi."

Adelard akawasha kwa baridi. Walikaa dirisha wazi, wamejikunyata, wanasubiri. Harufu ilikuja kidogo mwanzoni, ikafifia, ikapotea kabisa. Sasa joto, Agnetha akasema. Wakasubiri tena, safari hii muda mrefu, mpaka Nolasco akaanza kupiga miayo. Harufu ikarudi.

"Baridi haileti, joto linaleta," Agnetha alisema. "Kwa nini?"

Fundi alijikuna kidevu. "Tofauti ni maji tu," alisema polepole. "Mashine ikipoza inatoa jasho. Lile jasho linashuka kwenye bomba la kutolea maji, na bombani niliweka kona ya kushikilia maji kidogo, yanaziba njia. Ikiwa inapasha haitoi maji. Ukipasha, yale machache ya kwenye kona yanakauka, bomba linabaki wazi." Akaitazama mashine. "Linabaki wazi, na feni inavuta hewa."

"Inavuta hewa ya wapi?"

"Ya huko bomba linakoishia."

"Linaishia wapi, Adelard?"

Adelard alishuka kwenye stuli. "Mzee alikataa maji yadondokee ukutani, nyumba mpya. Akakataa pia yaende kwenye mibuni, akasema mizizi itaoza. Nikampa bomba pana, la inchi tatu, lipite chini kwa chini. Yule kijana wake akachimba mtaro. Mzee mwenyewe akatuonyesha pa kuishia, akasema pelekeni kwenye shimo la marehemu baba, halina kazi tena."

"Mama alikuwepo?"

"Hakuwepo. Alikuwa msibani Kyerwa, kwa dada yake. Aliporudi tulikuwa tumeshafukia, nyasi zinaota."

Walitoka kwa mlango wa nyuma, wakapita jikoni, jengo la peke yake lenye bati jeusi, wakaingia kwenye migomba. Ukungu ulikuwa umeshuka hadi kwenye majani. Adelard alikuwa mbele anafuata mtaro kwa kukumbuka, anahesabu migomba, na hakuhitaji kufika mwisho, kwa sababu harufu ilikuja kuwapokea njiani. Ilikuwa ileile. Nolasco akafanya ishara ya msalaba haraka, kama mtu anayefukuza nzi.

Shimo lilikuwa chini ya migomba mikubwa, limefunikwa kwa majani ya migomba na juu yake udongo, likawa kichuguu kilichopigwapigwa kwa kiganja. Kila mtu wa Karagwe anajua kazi yake. Ndizi za pombe ukiziacha mkunguni zinaiva moja leo, moja wiki ijayo, na pombe haiwezi kusubiri. Unazitia shimoni, unawasha moto mdogo kwenye mkondo wa pembeni, unaufukia usiwake bali ufukute, moshi unaingia kwenye ndizi na hautakiwi kutoka. Ukitoka, ndizi zinaiva mabaka, na wanawake wenzako watakusema.

Agnetha alichuchumaa, akaweka kiganja juu ya udongo. Ulikuwa wa moto. Alifukua upande wa nyumba, taratibu, jani kwa jani, mpaka akakuta mdomo wa bomba. Ulikuwa ndani kabisa, umetazama ndizi. Aliingiza kidole akakitoa kimejaa masizi.

"Mungu wangu," Adelard alisema. "Aliniambia halina kazi."

"Halikuwa na kazi." Aliyesema hivyo alikuwa Elpidius. Alikuwa amewafuata, na sasa amesimama nyuma yao, kofia mkononi. "Kaka ndiye aliyelifufua. Tulimwambia rubisi tutanunua, watu siku hizi wananunua. Akasema mahari ya binti yake haitanywewa pombe ya dukani, lazima itoke kwenye shimo la baba, wakwe waonje nyumba waliyokuja kuoa."

"Lilikuwa linafukuta usiku ule aliokufa?"

Mzee alimtazama Adelard, akalitazama bomba, akageuka akalitazama paa la nyumba kupitia migomba. Hakuwa mjinga. Agnetha aliona jambo linamfika, na aliona lilivyomwingia vibaya.

"Aliyeliziba ni shemeji," Elpidius alisema. "Hakuna anayeziba kama yeye. Mama yetu alimfundisha."

Nolasco alipiga picha. Agnetha akamwambia akimaliza amwage maji kwenye mkondo wa moto mpaka ufe. Elpidius akamshika kiwiko, akamsogeza pembeni ya mibuni.

"Binti, nisikilize. Kaka amekufa, tumemzika. Huyu mama amebaki na nini? Ana hilo tu, kwamba mumewe anamjia. Zima moto, kata bomba, mwambie kulikuwa na panya. Mwache azeeke."

"Na Mutabazi?"

"Mahakama ikikosa ushahidi itamwachia."

"Baada ya miaka mingapi, mzee?"

Elpidius aligeukia mibuni, Agnetha akamfuata.

"Ana mke na watoto pale mwisho wa kibanja. Kayitesi ameambiwa ahame kabla matanga hayajaanuliwa. Nani alimwambia?"

Mzee aliikunja kofia yake, akaikunjua. Hapo Agnetha akapata jibu lake, na hakulihitaji tena.

Lakini alijua pia kile asichomwambia. Bomba na masizi vilionyesha kwamba moshi unaweza kupita. Kwamba moto uliwashwa usiku ule wa kifo, saa ambazo mzee alikuwa amejifungia, mashine inapasha, hilo lingethibitishwa na aliyeuwasha tu. Bila maelezo yake, mkuu wa upelelezi angesema ni hadithi nzuri, na kesho Mutabazi angepanda karandinga.

Mama Evangelina alikuwa jikoni anamenya ndizi za kupika za waombolezaji. Agnetha alichukua kisu kingine, akaketi kwenye kigoda, akaanza kumenya naye. Hakuwa anajua njia nzuri ya kufanya jambo lile, na hadi leo hajui.

"Mama, usiku ule baba anaondoka ulilala wapi?"

"Hapahapa jikoni."

"Siyo chumbani?"

"Kwetu anayewasha moto wa shimo haendi kwa mumewe mpaka ndizi zitoke. Ukienda, ndizi zinagoma, zinabaki ngumu. Nyie vijana mtacheka. Mama mkwe alinifunza hivyo, na sikuwahi kumvunjia."

"Sicheki, mama. Uliuwasha lini?"

"Jioni. Nikaziba mwenyewe, sikumwachia mtu. Mutabazi alinisogezea mikungu tu. Niliziba, mwanangu, hata uzi wa moshi usingeuona. Apolinary alikuja na fimbo yake akatazama, akasema, mama angekuwepo angekusifu." Alitabasamu, akamenya ndizi nyingine. "Ndiyo maneno ya mwisho aliyoniambia. Akaenda kulala."

"Halafu?"

"Halafu asubuhi ikawa hivyo ilivyokuwa. Moto nani angeukumbuka, ukafa. Nimeuwasha juzi tena, tupate rubisi ya kuanua matanga."

Kisu cha Agnetha kilisimama.

"Juzi," alirudia.

"Juzi."

Alimweleza. Hakuzunguka, kwa sababu kuzunguka kungemrefushia maumivu tu. Alimwambia kuhusu bomba la maji na mahali lilipoishia. Alimwambia kona ilikauka, feni ikavuta, moshi wa shimo ukapita chini kwa chini ukaingia chumbani, na chumba kilikuwa kimezibwa kila upande. Akamwambia moshi wa moto unaofukuta unaua kama wa mkaa, hauamshi mtu, na ndiyo maana kucha za mzee zilikuwa nyekundu. Akamwambia ule usingizi mtamu ni huohuo, na leo angelala humo asingeamka.

Mama Evangelina alisikiliza hadi mwisho. Nje Nolasco alikuwa anamwaga maji, na moto ulikuwa unalia chini ya udongo.

"Kwa hiyo siyo yeye anayekuja," alisema.

"Siyo yeye, mama."

"Ni moshi wangu."

"Hukujua. Aliyelielekeza bomba kule ni yeye mwenyewe, na yeye mwenyewe akataka shimo lifufuliwe. Hakuna aliyeunganisha mambo haya."

"Mutabazi ndiye aliyechimba mtaro," mjane alisema, kana kwamba hakumsikia. Alikuwa ameshika ndizi iliyomenywa nusu. "Alikuta chumba kinanuka. Akafungua dirisha." Alisubiri Agnetha akatae, na Agnetha hakukataa. "Alifungua ili nisisikie. Costansia alinipitia huku jikoni kwanza, mimi nikafika nyuma yake, hapakuwa na harufu yoyote. Huyu mtoto amekaa ndani siku zote hizi, anatukanwa, mke wake anafukuzwa kwenye kibanja changu, na mimi nimekaa kimya kwa sababu Elpidius alisema. Nilimwona anapakiwa kwenye gari lenu, Afande. Alinitazama. Mimi nikageuza uso."

Alilia, bila sauti, na Agnetha hakumkataza. Kisha akaosha mikono kwenye beseni, akaifuta kwenye kanga.

"Andika," alisema. "Andika nimewasha mimi, nimeziba mimi. Elpidius akija kukunong'oneza, mwambie nimekataa."

Mkuu wa upelelezi alisoma maelezo yale amesimama, akazitazama picha za bomba, akamhoji Adelard kwa simu mpaka fundi wa watu akakaribia kulia. Hakusema amekosea. Alisema Agnetha angemwambia mapema, kisha akatoa amri kijana aachiwe, na bomba lile liletwe kituoni kama kielelezo. Jua la Kayanga lilikuwa linaelekea kuzama nyuma ya vilima, na nje ya kituo watu walikuwa wanafunga vibanda.

Nolasco alifungua mlango wa mahabusu. Mutabazi alitoka hadi kizingitini, mwembamba, shati limemkalia kama la mtu mwingine.

"Umeachiwa," Agnetha alimwambia. "Nenda nyumbani."

"Mmemkamata nani?"

"Hakuna."

"Naachiwaje kama hamjamkamata mtu?"

"Nimeufuata mtaro uliouchimba. Nimefika shimoni."

Mutabazi alishika ukuta. Akatazama miguu yake isiyo na viatu.

"Ulijua," Agnetha alisema.

"Nilijua nilipofungua mlango na uji. Ule moshi mtu hawezi kuukosea. Nikaukumbuka mtaro, nikaona yote. Mimi ndiye niliyechimba, Afande, mimi ndiye niliyembebea mama ndizi, na sikufikiri. Nikasema angalau yeye asijue. Nikazima, nikafungua. Mke wangu alijifungulia mikononi mwake, siku ambayo hata zahanati walituambia tusubiri. Ningemwambia nini? Mama, mzee umemuua wewe?"

"Kwa hiyo uliona afadhali ufungwe."

"Niliona maabara itasema hakuna sumu, nitatoka. Nilikuwa nasubiri." Akainua macho, na ndipo hofu ilipomjia, hofu ambayo Agnetha hakuiona usoni mwake siku zote za kuhojiwa. "Yeye hajui, siyo? Mmepima wenyewe tu. Mmemwambia ni mashine mbovu."

Agnetha alishawadanganya watuhumiwa wengi ili waseme kweli, na angeweza kumdanganya huyu mmoja ili apumzike. Hakuweza.

"Anajua. Nilimwambia mimi. Maelezo yake ndiyo yaliyokutoa. Yuko nje kwenye gari, amekuja kukuchukua mwenyewe, amekataa tumlete mtu mwingine."

Mutabazi alitazama upande wa mlango mkubwa, kule mwanga ulikotokea. Halafu akarudi nyuma, akaingia tena mahabusu, akakaa sakafuni na kuegemea ukuta. Nolasco alibaki na funguo mkononi, hajui afanye nini nazo.

"Afande, nakuomba sana," Mutabazi alisema kutoka gizani. "Mwambie bado nimefungwa."